Siku Nilipoondoa Treni kwa Mdomo

Kilichonitoa ndani ni ukimya. Mwanangu Rehema aliponileta hapa Oakdale aliniambia, "Mama, wewe utapumzika tu." Nimepumzika mpaka mgongo umechoka. Yeye alfajiri anaondoka kwenda hospitali kule Minneapolis kuhudumia wagonjwa, mimi nabaki na friji. Na friji yenyewe nimeshaiiga: inasema "nnnnnn," halafu inajikata, "tk!" Nyie wa Kilosa mnanijua, nisipopata mtu wa kumwiga naumwa. Haya nayasema kwenye simu, Zuhura mtoto wa dada atawaandikia, maana mimi na kalamu hatujawahi kutambulishwa.

Basi Njoki akaja. Njoki ni Mkenya, rafiki yake Rehema, kazi yake kutunza wazee majumbani kwao. Akasema, "Shosho, Saturday twende ukaone treni za wazee." Shosho ni bibi, kwa Kikenya chao. Sikuuliza treni gani. Nikatafuta viatu.

Saa moja asubuhi, Jumamosi, tuko barabarani. Njoki anaendesha huku anaongea, mkono mmoja chai, mkono mwingine usukani, nami najishikilia mlango.

"Shosho, relax, na-drive poa."

"Na-drive poa," nikamrudishia kwa sauti yake ileile, ya puani. Akacheka mpaka chai ikamwagika. Kumbe hapo ndipo ilinipasa kujifunza.

Tukalipita jiji la Minneapolis na maghorofa yake, tukaelekea magharibi. Njiani akanieleza. "Leo ni serious lakini. Huyu mzee wangu anaitwa Vern. Alijitengenezea treni na mikono yake, kwa garage, miaka kumi na nne. Ya mvuke, ya ukweli. Mwaka jana akapata stroke. Mkono wa kushoto ukalala, na ndio ulikuwa wa kazi. Shingo haigeuki. Maneno yamebaki kama matano hivi. Leo wenzake wa chama wanampa test. Akipita, ata-drive treni yake tena. Akianguka, atakuwa anakaa nyuma na watoto anabebwa, basi."

"Na yeye mwenyewe anasemaje?"

"Anasema 'yep'."

Akaniambia wamefanya mazoezi miezi na bomba la maji la jikoni, lile lenye mkono wa kuinua. Mzee anainua kwa mkono wa kulia, pole pole, maji yatone, halafu yachuruzike, halafu yatoke. Siku za kwanza alikuwa analoa kifua. Sasa anaweza kutoa tone moja moja kama anayehesabu. Kwani kufungulia treni mvuke ni vivyo hivyo: ukiinua kwa pupa, magurudumu yanazunguka bure.

Saa mbili tukafika Plymouth, nyumbani kwake. Mzee mrefu, kofia ya mistari, amesimama mlangoni tangu sijui saa ngapi. Nikamwambia, "Shikamoo," kwa uchokozi tu, maana tunalingana. Njoki akamfundisha cha kujibu. Mzee akanitazama, akafikiri, akasema, "Yep."

Nikampenda hapohapo.

Saa tatu kasoro tuko uwanjani, mbele ya Plymouth, mashamba matupu. Watu wametoka mpaka Iowa na Wisconsin, wamevuta treni zao kwenye matrela. Wanaume wazima, mvi hizi, wamevaa ovaroli, kila mmoja na kopo la mafuta mkononi kama mama na chupa ya uji. Sasa treni zenyewe! Nyingine zinanifika gotini, nyingine kiunoni. Reli mbili ziko karibu karibu, shibiri moja inazidi. Behewa unalikalia kama baiskeli, miguu huku na huku, magoti yako mdomoni. Nikaona libaba la kilo mia limepanda kitreni, linapita mbele yangu na uso wa mkuu wa wilaya. Nilicheka mpaka Njoki akanifinya.

Lakini treni moja ikapumua karibu yangu. Chaa, chaa, chaa. Ile harufu ya mafuta ya moto na mvuke ikanipiga, nikaacha kucheka. Ndiyo ileile ya stesheni Kilosa nikiwa msichana, kabla hawajaleta vichwa vya dizeli. Hawa watu hawachezi. Wametengeneza kitu kizima, wakakipunguza urefu tu.

Vern akaanza kuwasha moto. Sheria ni kwamba anayefanyiwa mtihani haguswi, hasaidiwi. Akachukua vijiti vilivyolowekwa mafuta ya taa, akaviingiza kwenye kijitundu cha moto. Juu ya bomba la moshi akaweka kifeni cha kuvuta hewa. Vikashika. Akatia makaa ya mawe, vipande kama karanga, kijiko kimoja, akangoja. Kingine, akangoja. Mimi moto naujua, mwenye haraka huuzima. Kuna kijibomba cha kioo kinachoonyesha maji ndani. Kila mara anakichungulia, kwa sababu maji yakipungua boila inaweza kuharibika, hata kupasuka. Njoki akasogeza mkono amshikie kopo. Mzee akausukuma. "Nope."

"Hilo la pili," Njoki akaninong'oneza. Akimaanisha neno.

Akaja msimamizi wa mtihani, Dale. Huyo Dale, jamani! Tumbo linatangulia, ndevu zinafuata, yeye mwenyewe anafika baadaye. Shingoni kipenga. Na anavyoongea sasa, kila neno analivuta kama mpira: "Oh yaaaa. Haya basiii. Tutaonaaa." Njoki ndiye aliyekuwa ananitafsiria siku nzima, lakini sauti ya Dale haikuhitaji tafsiri. Nikaihifadhi.

Akaeleza. Yeye atakaa behewa la mwisho. Akipiga kipenga mara moja, simama. Mara mbili, nenda, na dereva ajibu kwa honi ya treni mara mbili ndipo aondoke. Madereva wengine hugeuka kutazama nyuma, lakini Vern shingo haimruhusu, kwa hiyo walikubaliana: yeye atafuata kipenga tu. Masikio yake mazima.

Njoki akanionya pia habari za adabu. "Watu wa hapa hawasemi vibaya. Mtu akikuambia 'hiyo ni tofauti', jua hajapenda hata kidogo."

Saa tano. Vern ameshakaa nyuma ya kichwa cha treni, mkono wa kulia kwenye ule mkono wa mvuke, macho mbele. Dale anazunguka treni nzima, anapiga piga mabehewa, anaandika. Mimi nimekalishwa kwenye kiti cha kukunja pembeni, jirani na wanawake wawili wanaotafuna mahindi. Wanatabasamu, natabasamu. Kiingereza sina. Nitawapa nini? Nikawapa Dale.

Nikainuka, nikatoa tumbo. "Oh yaaaa." Mmoja akapaliwa. Nikatembea kama yeye, nikapiga piga kiti changu kama behewa. Wanafuta machozi. Wananiashiria, endelea, endelea! Na mimi kicheko cha watu ndiyo pombe yangu. Sasa kipenga ndicho kilichobaki. Utotoni nilikuwa nakiiga kipenga cha stesheni masta wetu kwa ulimi na meno, mpaka mara moja nilichapwa kwa ajili hiyo. Nikakunja ulimi.

"Pii! Pii!"

"Puu! Puu!" ikajibu treni ya Vern. Ikaondoka.

Dale alikuwa mguu mmoja behewani, mmoja chini. Alianguka kwenye majani kama gunia la mahindi. Hakuumia. Lakini treni ilikuwa inakwenda, haina mtu nyuma, na Vern juu yake, mgongo umenyooka kama kijana anayekwenda kuposa. Ameifungulia vizuri, tone tone, haikuteleza hata gurudumu. Mpaka kwenye kona mtu akamkimbilia na kumpungia asimame.

Wakairudisha. Dale akachuchumaa mbele yake, majani kwenye ndevu. Hakufoka. Heri angefoka.

"Vern, rafiki yangu. Sikupiga kipenga."

"Nilisikia," akasema Vern. Neno la tatu hilo.

"Hakikupigwa."

"Nilisikia! Nilisikia!" Anajipiga sikio kwa kiganja.

"Oh yaaa," Dale akasema taratibu, kama anavyoambiwa mtoto mwenye homa. "Labda kichwa bado kimechoka. Mwaka huu ukae nyuma na sisi. Si vibaya."

Wote wakatazama chini. Mzee naye akaangalia mkono wake wa kulia, ule wa bomba la jikoni. Halafu akavua kofia akaiweka juu ya makaa kwenye behewa. Njoki akageuka upande, najua alikuwa analia.

Nikawatazama wale wanawake wawili. Wakayatazama mahindi yao. Walijua. Lakini watu wa huku ni wapole, wapole mpaka hawawezi kumchongea mgeni. Kwa hiyo nilikuwa salama kabisa. Ningekaa, ningekunywa soda, ningerudi Oakdale. Na mzee wa watu angeenda kwake akiamini masikio yake yamemsaliti pamoja na mkono.

"Njoki. Mwambie ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Kipenga. Nilikipiga mimi."

"Shosho, wacha jokes sahi. Huoni mzee?"

"Mwambie!"

Akamwambia. Dale akanitazama, akatabasamu lile tabasamu la msibani. Alidhani ni bibi kizee anamfariji mzee mwenzake. Akasema, "Hiyo ni tofauti."

Hee! Hajapenda. Basi nikaona maneno hayatanitosha, na nina kimoja tu ninachokijua. Nikawapa mgongo wote, nikakunja ulimi.

"Pii! Pii!"

Kwenye stesheni ya upande wa pili kulikuwa na treni nyingine inapakia watu. "Puu! Puu!" Ikaondoka, bwana anakimbia nyuma yake na mkate mkononi, mkewe ameshakaa anampungia. Dale akatimua mbio, tumbo huku, ndevu huku, anapiga kipenga cha ukweli, kimoja, simama! Wakasimama. Dereva wao anauliza, kwani nini? Si mmeniambia niende?

Halafu upande wa Vern nikasikia sauti kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Ni yeye. Anacheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki. Akanyoosha kidole kwa mtu wa kwanza: "Nilisikia." Kwa wa pili: "Nilisikia." Alipofika kwa Dale, aliyerudi anahema, akamnyooshea muda mrefu. Dale akaitikia kwa kichwa. Akaokota ile kofia, akaikung'uta vumbi la makaa, akampa.

"Nisamehe, mzee mwenzangu," nikamwambia, na Njoki akatafsiri. "Mdomo wangu hauna breki."

"Yep," akasema.

Saa nane mchana wakarudia mtihani. Kabla ya kuanza Dale akanijia na hindi la kuchemsha, kubwa, linatiririka siagi. Mahindi ya huku matamu kama yametiwa sukari. Akaniwekea mkononi. "Oh yaaa. Bibi ale. Asiache kula mpaka tumalize." Uwanja mzima ukacheka, na kwa mara ya kwanza tangu nije nchi hii, aliyechekwa ni mimi. Nikang'ata.

Dale akakaa behewa la mwisho. Akapiga: Pii! Pii!

Treni haikuondoka.

Vern akashika ubao wa kiti kwa mkono wa kulia, akaanza kugeuka. Kwanza bega, halafu kifua, na shingo ikaburutwa nyuma yao, uso umemwiva kwa uchungu. Njoki akanishika mkono. Hakuwa anamtafuta Dale. Ananitafuta mimi. Nikapanua mashavu, hindi limejaa mdomoni, nikainua mikono miwili juu kama aliyekamatwa. Akahakikisha. Akarudi mbele, taratibu, bega, kifua.

"Puu! Puu!"

Akazunguka mara mbili. Akasimama penye jiwe jeupe walipomwambia asimame, si mbele si nyuma. Dale alipoteremka alisema tu, "Siyo mbaya," na Njoki akaanza kurukaruka, maana anasema kwa watu wa hapa hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

Saa kumi na moja jioni tukamrudisha Plymouth. Alilala garini, masizi shavuni, kofia mapajani, mkono wa kulia umefumbwa kama bado umeshika kitu. Nilichojifunza si kingi. Mimi maisha yangu yote nachukua sauti za watu nacheza nazo, sikujua kwamba kuna mtu ambaye sauti hiyo ndiyo aliyoiegemezea siku yake yote. Kuiga sitaacha, nitakufa. Lakini nimejua unatakiwa kutazama kwanza nani anasikiliza.

Oakdale, saa moja usiku, Rehema amerudi kazini, ameweka miguu yake juu ya kochi. Nikampa wote: Njoki na chai yake, wale wanawake wa mahindi, Dale na tumbo lake. Nikampa na Vern, "Yep," na hilo nililifanya kwa heshima. Amecheka mpaka ameshika mbavu.

"Na kipenga, mama? Kilikuwaje?"

Nikainuka, nikaenda dirishani. Nikafunua pazia, nikatazama kule chini wanakopaki magari, huku na huku, kama kuna mtu yeyote aliyeshika usukani anangoja kuambiwa aende.

Hakuna mtu.

Ndipo nikakunja ulimi.