Tulivyokwenda Garissa Kuuliza Damu ya Hodan

Tulikwenda Garissa kwa sababu mdogo wangu Hodan alikuwa mjamzito, naye ana saratani ya damu, ile inayokwenda polepole. Vidonge vilikuwa vimeituliza kwa miaka, lakini mimba ilipoingia daktari alivisimamisha, kwa kuwa vingeweza kumdhuru mtoto. Akampa sindano za interferoni, moja kila wiki. Sasa tuliitwa tukajue kama zinamsaidia.

Tuliondoka Wajir alfajiri, baada ya swala. Mumewe alikuwa na ngamia mbali, upande wa Mandera, hivyo nilimsindikiza mimi, dada yake mkubwa. Nilipakata kisanduku cha barafu chenye sindano ya wiki hiyo. Hodan aliegemea bega langu, mwili ukimuuma kama mtu mwenye mafua makali. Ndivyo sindano zilivyomfanya.

"Kaza moyo," nilimwambia.

"Nimekaza, abaayo, dada yangu. Nikaze nini kingine?"

Tulipofika Habaswein, barafu ilikuwa imeyeyuka. Mama mmoja aliyetuuzia chai aliuliza nimebeba nini. Nikamwambia ni dawa ya mdogo wangu. Alilitazama tumbo la Hodan, akaingia ndani, akarudi na mifuko ya maji yaliyoganda.

"Chukua yote," alisema. "Allah amfungulie salama."

Garissa tulifikia kwa shangazi yetu, Eeddo Maryan. Hakuuliza habari za ugonjwa. Aliketi mkekani, akamkanda Hodan miguu mpaka akasinzia.

Asubuhi, hospitalini, walimtoa damu, tukasubiri mpaka adhuhuri. Daktari alizungumza Kiswahili, nami nikamfasiria Hodan kwa Kisomali.

"Juu ya chembe za damu kuna vipokezi," alieleza. "Dawa ikishika kipokezi, chembe hupata amri ya kuacha kuzaana. Wagonjwa wengine wana vipokezi vichache, dawa haipati pa kushika."

Sikujua neno la kipokezi kwa Kisomali. Nikasema "mlango".

Hodan alinishika mkono. "Muulize kama zangu zina milango."

"Hapa sina kipimo cha kuvihesabu," daktari akajibu. "Nasoma jibu kwenye damu yenyewe." Akatugeuzia kompyuta. "Chembe nyeupe zilikuwa juu sana. Hazijafika ninapotaka, lakini zinashuka. Mwili wake unaitikia."

"Mpaka nijifungue?" Hodan aliuliza mwenyewe, kwa Kiswahili.

"Tukiendelea kupima, natumaini hivyo. Siwezi kukuahidi zaidi."

Hodan alijifunika uso kwa shungi, mabega yakitetemeka. Kisha akaniambia, "Mwambie silii kwa huzuni."

Siku iliyofuata tulirudi. Njiani niliwaza jinsi nilivyomhimiza miezi yote ile, ale, asali, akaze moyo, kana kwamba kuitikia dawa ni bidii yake. Kumbe lilikuwa jambo la chembe zake, na hakuna aliyeweza kuziamrisha.

Karibu na Modogashe Hodan aliamka usingizini.

"Abaayo, nikichoma sindano ya wiki ijayo, homa itakuja."

"Najua."

"Uje ulale karibu nami. Usiniambie kitu."

Nikaja, wiki baada ya wiki, nikalala kimya mgongoni pake. Mvua za masika zilipokaribia kwisha akajifungua msichana, mzima, mwenye sauti iliyosikika mpaka kwa majirani.