Insha Ambayo Yeyote Angeweza Kuiandika

Mara ya kwanza nilipoomba nafasi katika chuo cha mifugo nilikataliwa kwa barua fupi, na sikushangaa sana, kwa sababu karibu kila niliyemjua alikuwa amekataliwa mahali fulani. Ilikuwa enzi za ruksa, biashara zilipoachiwa huru. Madukani kulijaa vitu ambavyo zamani tulivisikia tu, mitumba ilitandazwa hadi ukingoni mwa barabara, na wakati huohuo watu wa maofisini walikuwa wakipunguzwa kazi. Shangazi yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa mpiga chapa wa serikali kwa miaka mingi. Alipopunguzwa alirudi nyumbani kwake Makole, Dodoma mjini, na taipureta kuukuu aliyouziwa na ofisi, akaanza kupika chakula cha mchana na kuwauzia wenzake wa zamani. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita. Nilimsaidia kuchota maji, kumenya viazi na kuosha sahani, huku nikingoja maisha yaanze.

Chuo kile kilikuwa cha kanisa, katika mkoa mwingine, na kilimtaka kila mwombaji aandike kwa Kiingereza ukurasa mmoja akieleza kwa nini anataka kusomea mifugo. Ukurasa wangu niliuonea fahari. Ulianza kwa kusema kwamba tangu utotoni nilikuwa na ndoto ya kuitumikia jamii. Ukaendelea kwamba mifugo ni uti wa mgongo wa taifa, kwamba elimu ni ufunguo wa maisha, kwamba vijana ni taifa la kesho. Barua ya kunikatalia ilipofika niliamini tatizo ni alama zangu za kemia. Mwaka uliofuata nikaamua kuomba tena, kwa insha ileile.

Bunge lilipokuwa na mkutano mji ulijaa wageni, na shangazi alipangisha chumba chake cha mbele. Mpangaji wa mwaka huo alikuwa mama mmoja wa Tanga, mtu mzima, mnene kidogo, mpole wa sauti. Kazi yake ilikuwa kusikiliza kanda za mikutano ya Bunge na kuandika neno kwa neno yaliyosemwa humo. Alikuwa Mwislamu wa swala tano. Shangazi, ambaye hakukosa kanisani Jumapili hata moja, alimnunulia sufuria mpya ya kupikia, ili awe na uhakika kwamba haikuwahi kuguswa na nyama asiyoila. Kwa sufuria hiyo walipatana kama ndugu.

Jumapili moja shangazi alikuwa kanisani, nami nilikaa kibarazani nikiinakili insha yangu kwa mwandiko safi. Yule mama alikuwa uani anachambua mchele.

"Unaandika nini, mwanangu?"

Nilimweleza. Akafuta mikono kwenye khanga, akaomba aione. Aliisoma taratibu hadi mwisho, kisha akarudi juu akaisoma tena. Nilingoja sifa.

"Kiingereza chako ni kizuri," alisema. "Sasa nikuulize. Mtoto wa Moshi anaweza kuichukua hii karatasi, akaandika jina lake, akaipeleka chuoni?"

"Labda anaweza."

"Na wa Mtwara?"

"Anaweza, mama."

Akanirudishia karatasi, akaniambia nichukue penseli. "Basi shika wewe mwenyewe. Kila mstari ambao mwenzako anaweza kuuandika bila kubadili neno, ukate."

Nilianza juu. Ndoto ya utotoni ikaenda. Uti wa mgongo ukaenda, na ufunguo, na taifa la kesho. Nilipofika chini kulikuwa na sentensi moja tu iliyosalia, nayo nilikuwa nimeichomeka katikati kama kitu cha kuonewa haya: kwamba baba yangu alikuwa mfugaji katika kijiji kimoja upande wa Chamwino.

Nikamwonyesha karatasi. Yeye hakucheka. Aliendelea na mchele wake, akaniambia kwamba kazini kwake husikiliza watu wakizungumza kutwa nzima. "Yupo anayesimama akaongea mpaka kanda inageuzwa. Ukimaliza kuandika unatazama karatasi, humwoni aliyesema wala alichokisema. Halafu anasimama mwingine, anasema daraja la kwao limekatika, na mjamzito alivushwa mtoni akiwa mgongoni mwa mtu. Huyo namfikiria hata nikiwa nakula."

Kisha akauliza: "Hao ng'ombe wa baba wako wapi?"

"Walikufa."

"Kwa nini?"

"Josho la kijiji lilifungwa. Serikali ilipoacha kuleta dawa, kupe wakawamaliza."

"Lilifungwa kabla hawajaanza kufa, au baada? Na ulikuwepo?"

Lipi lilitangulia sikulijua. Nilikuwepo kwa sehemu tu, wakati wa likizo, maana nilisoma bweni. Nilichokumbuka kwa hakika ni ng'ombe mmoja mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji, amelala ubavu, tezi zimevimba chini ya sikio, anahema kama mtu anayekimbia. Huyo sikuwahi kumwandika popote. Shuleni nilikuwa nimejifunza kusema natoka Dodoma mjini, kwa sababu wenzetu kutoka mikoa mingine walikuwa na mizaha yao juu ya Wagogo na kuombaomba, na nilichoka kuchekea mizaha iliyonihusu.

"Nenda kaulize nyumbani," yule mama alisema. "Usiandike kabla hujauliza."

Jumamosi iliyofuata nilikwenda. Nilimkuta baba nje ya nyumba anachonga mpini wa jembe. Nikamwamkia, "Mbukwa, baba," naye akaitikia bila kuinua macho kutoka kwenye kazi yake, kama kawaida yake. Mama alinipa ugali wa uwele na mlenda, nikala, kisha nikaenda kukaa karibu na baba. Kumwuliza baba habari ya ng'ombe waliokufa lilikuwa jambo gumu kuliko mtihani wowote niliowahi kuufanya. Kwetu ng'ombe wa mtu hawaulizwi ovyo hata wakiwa hai.

Nilimweleza habari ya chuo, na kwamba nilitaka kuandika juu ya josho lililofungwa.

Alichonga kwa muda. "Josho lilikuwa bado halijafungwa," akasema.

"Lakini, baba..."

"Lilifungwa baadaye. Wakati ule walikuwa wameanza kutaka tuchangie kila ng'ombe anapoingia. Mimi nikasema sichangii kitu ambacho jana kilikuwa bure. Nikaenda mnadani. Kulikuwa na mfanyabiashara anauza dawa kwenye chupa, na bomba la kunyunyizia nilikuwa nalo. Nikanunua chupa moja." Akapuliza vumbi la mti kwenye mpini. "Chupa moja haikutosha zizi lote. Nikaizimua. Nikaongeza maji, nikaongeza tena. Kupe walilowa tu, wakaendelea kukaa."

Miaka yote ile nilikuwa nikisema josho, josho, na yeye alikuwa akinisikia.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Mlikuwa mmeshapata wa kumlaumu." Hakusema kwa hasira. "Sasa kama unaandika, andika hivyo. Andika kwamba baba yako aliizimua. Ila usiseme walikuwa wangapi. Ng'ombe hawahesabiwi kwenye karatasi."

Niliporudi Makole niliandika kwa siku kadhaa. Niliandika kwanza kwa Kiswahili, kisha nikageuza, maana niligundua kwamba nikianza kwa Kiingereza ile mistari ya zamani inarudi yenyewe, kama mbuzi wanaoijua njia ya shambani. Ng'ombe mwekundu alinitoka vizuri. Lakini nilipofika kwenye dawa nilikwepa, nikaandika kwamba baadhi ya wafugaji huchanganya dawa isivyotakiwa kutokana na ukosefu wa elimu.

Mpangaji wetu alisoma, kidole chake kikasimama hapo.

"Wafugaji gani?"

"Baadhi."

"Hawa 'baadhi' nawaandika kila siku Bungeni," alisema, "na sijawahi kumwona hata mmoja."

Nilimweleza ukweli wote. Akaniuliza kama baba aliniruhusu. Nikasema ndiye aliyeniagiza. "Basi umeshapata insha," akasema. "Iliyobaki ni ujasiri, na huo siwezi kukupa mimi."

Nikaiandika upya: baba yangu alinunua chupa moja, akaizimua kwa sababu ng'ombe walikuwa wengi kuliko dawa, na ndani ya nyumba yetu hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba dawa iliyozimuliwa kupita kiasi ni sawa na maji, mimi nikiwemo, ingawa nilikuwa nikisoma biolojia. Nikasema kwamba nataka kujifunza kile ambacho ningepaswa kumwambia.

Sikufikiri kwamba shangazi ndiye angekuwa kikwazo. Nilimpa apige chapa, akavaa miwani, akaweka karatasi kwenye taipureta. Alipiga mistari ya mwanzo haraka, kisha akaacha kupiga. Akasoma mpaka mwisho bila kugusa mashine.

"Hii siipigi," alisema.

"Shangazi..."

"Utamvua nguo kaka yangu mbele ya watu wasiomjua? Sisi Wagogo hatujasemwa vya kutosha katika nchi hii? Hata wewe uongeze?"

Yale maneno yalinigusa mahali palepale nilipokuwa nikijificha tangu shuleni, na kwa muda nilikuwa tayari kuichana. Nilimwambia tu kwamba baba mwenyewe ndiye aliyesema niandike hivyo. Nikamweleza alivyokuwa akichonga mpini, na maneno yake kuhusu mtu wa kulaumu.

Alivua miwani, akaishika mapajani. "Alikwambia wewe," alisema, kana kwamba hilo ndilo lililomshangaza. "Mimi nilimwuliza mara ngapi, akaniambia ni mapenzi ya Mungu."

Baadaye nikiwa jikoni nilisikia taipureta inaanza tena. Alipiga ukurasa wote bila kosa hata moja.

Niliitwa kwenye usaili. Meza ilikuwa na watu watatu, na mmoja wao, mzee mwenye mvi, alikuwa na insha yangu mbele yake.

"Wengi hapa wanailaumu serikali," alisema. "Wewe mbona hukuilaumu?"

"Nilianza kuilaumu, mzee. Baba akanisahihisha."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. "Sasa tuseme wewe ndiye mtaalamu wa mifugo wa kijiji kile. Baba yako anakuja na chupa moja. Unamwambia nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kutaja vipimo. Lakini nilimwona baba na chupa yake, nikajua kwamba vipimo peke yake vingemfanya ainuke aondoke. Nikasema ningemwuliza jirani zake wana ng'ombe wangapi wa kuogesha, kama wangeweza kununua dawa pamoja na kunyunyizia siku moja. Na kama haiwezekani, ningemwambia anyunyizie wachache kwa dawa kamili kuliko wote kwa maji. Mama mmoja mezani akauliza, "Na wale asiowanyunyizia?" Nikasema hilo sijui, na ndiyo sababu nimekuja.

Barua ya kukubaliwa ilifika wakati Bunge limeshaahirishwa na mpangaji wetu amerudi kwao. Shangazi alimtumia salamu kwa mtu wa ofisini. Yule mama hakurudi tena kwetu. Mkutano uliofuata walimpa nyumba ya kufikia, nasi tukampata mpangaji mwingine, kijana aliyependa redio.

Nilikwenda kuwaambia wazazi. Mama alifurahi, akaanza papo hapo kufikiria shuka na ndoo ya kwenda nayo. Baba alisikiliza akiwa ameketi. Hakuuliza kama niliandika alivyosema, nami sikumwambia. Aliuliza kozi ni ya muda gani, na huko ni mbali kiasi gani.

"Huko wanafundisha na mbuzi?" akauliza. "Maana ng'ombe mimi sirudii tena. Nafikiria mbuzi."

Nikamwambia wanafundisha.

"Haya," akasema. "Nenda."