Jembe Kwenye Chemchemi

Mwanangu, nakumbuka kiangazi kimoja hapa Makote nilipoiua chemchemi kwa mikono yangu. Umeniambia kamati yenu inataka kuleta mashine ipanue ile iliyobaki bondeni. Kaa unisikilize kwanza.

Nilikuwa binti, nimetoka shule ya bweni, najiona najua kila kitu. Chemchemi yetu ilikuwa hapa mteremkoni, maji yake kidogo, na kina mama walipanga foleni tangu alfajiri. Mtunzaji wake, Bibi Asumini, alikataza chuma kugusa pale. Majani na tope vilitolewa kwa mkono na kibuyu. Nikaona huo ni ushirikina tu. Alipokwenda msibani Newala, nikachukua jembe nikachimba mpaka shimo likanifika kiunoni. Maji yakajaa, kina mama wakanipigia vigelegele, na mimi, nisikufiche, kichwa kikavimba.

Kesho yake yakapungua. Siku ya tatu palibaki tope.

Bibi Asumini aliporudi nilimwamkia kwa sauti ndogo. "Marahaba," akaitika, akapiga magoti, akaingiza mkono shimoni. Ulitoka na mchanga.

"Maji yalikalia udongo wa mfinyanzi, mjukuu wangu," akasema. "Umeutoboa, sasa yanazama. Mama yangu aliniambia nisitie chuma, nami nikawaambia ninyi. Sababu sikuwaambia. Hilo ni kosa langu."

Laiti angenitukana. Tulijaribu kuziba kwa udongo, wapi. Tangu hapo kina mama waliteremka hadi bondeni, na kupanda na ndoo kichwani ni mwendo wa saa nzima. Yeye miguu haikumruhusu tena. Nilimtekea mimi mpaka tulipomzika, na kila nilipotua ndoo mlangoni pake aliniambia asante. Ile asante iliniuma kuliko matusi.

Kwa hiyo, kabla mashine haijashuka, nendeni kwa wazee waliokunywa maji ya bondeni tangu utotoni. Waulizeni chini yake kuna udongo gani, hupungua lini, na kwa nini wanakataza wanachokataza. Wakisema, "Ndivyo tulivyokuta," msiondoke, ulizeni tena. Mkikosa jibu, msichimbe. Nami sababu niliyoijua nimekupa, nisije nikafa nayo.

Mungu akuongoze, mwanangu. Akupe subira ya kuuliza, na wajukuu zako wateke maji wasiijue kiu.