Fundi wa Mwisenge na kiatu cha baba yake

Wewe uliyeamka leo ukavaa viatu viwili vinavyolingana, umewahi kujiuliza anayehitaji visivyolingana anavipata wapi?

Hapa Musoma wengi huvifuata Mwisenge, kwenye banda la mabati la Hilda Makongoro. Saa tatu asubuhi, mama huyu wa miaka sitini na minne amekaa kwenye kigoda, gongo lake limeegemea ukuta, anachonga kipande cha tairi kwa kisu kilichokwisha kwa kunolewa. Anakipuliza vumbi, anakishikiza chini ya kiatu cha kushoto, anakipima kwa jicho moja. Kisha anakibandua.

"Tena?" anauliza Mwanaupe, muuza dagaa wa jirani. "Wateja wengine unawamalizia siku hiyohiyo. Cha mzee unabandika, unabandua. Au unasubiri mguu wake ukue?"

"Acha maneno, wewe. Chambua dagaa zako."

Kiatu ni cha baba yake, Mzee Makongoro wa Butiama, aliyeanguka mwaka jana akifunga ndama. Nyonga ilipona, mguu ukabaki mfupi. Hilda, ambaye wa kwake ulifupishwa na polio kabla hajajua kuongea vizuri, ndiye anayemtengenezea. Lakini kiatu kikiisha itabidi akipeleke, na amejiapiza kwamba siku hiyo atamwambia baba neno alilolibeba tangu utotoni. Mzee anakaribia miaka tisini.

"Naogopa kumuumiza," anasema. "Tena naogopa azikwe hajui."

Hilda alikulia kwenye kituo cha watoto wenye ulemavu nje ya Bunda, ambacho sasa hakipo. Baba alimpeleka ili asome, maana shule ya kijijini ilikuwa mbali na hakukuwa na wa kumbeba. Hakuteswa, anasisitiza. Alikunywa uji wenye sukari, akasoma, akajifunza kushona viatu kwenye karakana ya kituo.

"Ila jioni mnavuliwa vyuma vya miguu, vinawekwa kabatini. Ukimkumbuka mama, utaenda na nini?"

Jumapili ilikuwa siku ya wageni. Mlezi aliwapanga watoto mstari, akawapaka mafuta usoni, akawaonya: mgeni akiona machozi, harudi tena.

Baba alikuja kwa baiskeli, michembe ya viazi vitamu mfukoni, gunia limekunjwa na kufungwa juu ya keria. Hilda alicheka tangu alipomwona getini hadi alipotokomea. Alicheka ili arudi. Naye alirudi miaka yote ile, na kila mara akamwacha. Alipomaliza mafunzo, Hilda alikuja moja kwa moja Musoma kutafuta kazi. Butiama akawa mgeni wa sikukuu.

Kabla ya adhuhuri, bajaji inasimama mbele ya banda. Anashuka Mzee Makongoro mwenyewe na fimbo yake. Amechoka kusubiri.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kiatu changu kiko wapi, fundi? Au mpaka nitoe chai?"

Hilda anagundisha soli, safari hii haibandui. Anamvalisha, anamfunga mikanda. Mzee anapiga hatua, anageuka, anapiga nyingine. Mabega yamekaa sawa. Anacheka kama mtoto, na Hilda anacheka naye.

"Kicheko hichohicho," anasema mzee. "Ulikuwaga unacheka sana kule Bunda. Nikawaambia nyumbani, mtoto amepapenda, tusimsumbue."

Mwanaupe anaacha kuchambua dagaa.

Hilda anaweka kisu chini. Anamweleza baba habari za mlezi, za mafuta usoni, za machozi yaliyokatazwa. Mzee anasikiliza, macho kwenye kiatu kipya, kisha anakaa taratibu kwenye benchi la wateja.

"Lile gunia," anasema. "Unalikumbuka? Nilikuwaga nalikunja kwa ajili yako. Nasema, leo akiomba twende, keria isimuumize. Nafika, nakukuta unacheka. Narudi nalo hivyohivyo."

Siku zote Hilda alidhani ni gunia la kubebea mihogo. Anafuta uso kwa pindo la kanga, anashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa ndoo ya maji kichwani.

Dereva wa bajaji anapiga honi. Hilda anavuta gongo lake, anamwomba Mwanaupe amwangalizie banda hadi Jumatatu.

"Kwani unaenda wapi?" anauliza Mwanaupe, ingawa ameshaelewa.

Hilda anamgeukia baba yake.

"Nilitaka unipakie, baba," anasema. "Kila Jumapili nilitaka unipakie, twende nyumbani."