Ndugu za Ng'ambo

"Maman Euphrasie, weye unaombeaka wafu, ao unaombeaka watu wafe?"

Jirani yake Virginie alimuuliza hivyo walipokuwa wanarudi misa kule Bagira, siku ile padri mugeni alipotangaza nia ya misa: roho ya marehemu Zagabe, Mungu amupokee. Zagabe mwenyewe alikuwa kwenye benchi ya mbele, na suti yake ya kahawia, mukono umefika kwenye paji la uso kwa ishara ya musalaba. Ukakwama pale pale. Nyuma mutu alicheka, akajifanya anapiga chafya.

"Padri aliniuliza jina, nikamupa," Euphrasie akajibu. "Hakuniuliza kama anapumua."

"Na weye uko wa Legio ya Maria."

"Ni Maria nilimuambia wa kwanza."

Euphrasie ni mutoto wa Nyantende, aliolewa Bagira na Edouard, agent wa Serikali wa kulinda samaki. Ziwa ya pale ni moja lakini inchi ni mbili, ya huku na Rwanda, na samaki haiombi ruhusa ya kuvuka. Kwa hiyo Edouard alifanya kazi pamoja na mwenzake wa Rwanda, Faustin, juu ya wale samaki wadogo wanaoitwa ndugu. Sambaza, samaki wengine wadogo, waliletwa toka mbali, ndugu ni wenyeji wa ziwa, na mama yao anafichaka watoto mudomoni. Zikianza kuzaa pembeni ya majani, inchi zote mbili zilitoa nyavu majini kwa wakati mumoja. Ukifunga uvuvi huku peke yako, unawafugia watu wa kule.

Zagabe, muvuvi wa Bagira, alikuwa anazivua na chandarua cha mbu, kisichoacha hata yai. Edouard alimuonya. Mara ya pili akakichoma kile chandarua mbele ya wavuvi wote.

"Moto yako iko muzuri, Papa Edouard," Zagabe akasema. "Utaona ya kwangu."

Ikafika mwezi wa kumi wa 1996. Vita ilikuwa inapanda toka Uvira, na katika Bukavu kila mutu mwenye rafiki Rwanda aliitwa adui. Wakati wa kufunga ziwa ulikuwa umefika vilevile. Edouard na Faustin wakakutana katikati ya maji, kila mumoja katika mutumbwi wake, na wakati wa kuachana Edouard akapaza sauti: "Uchunge ndugu za kwako, nami nachunga za huku!"

Askari wa Serikali walikuwa wamesimama pembeni ya maji. Walikuwa watu wa mbali, wa Lingala; Swahili walijua ile ya kuomba chakula tu. Wakamuuliza Zagabe yule anasema nini.

Zagabe akawafasiria kwa Lingala: *bandeko*. Ana ndugu wa damu kule, na wengine anawaficha huku.

Wakamuchukua Edouard na buti zake za maji. Mwili wake, Euphrasie hakuuona; maneno ya Zagabe aliyapata kisiri kwa muvuvi mumoja aliyesikia. Alichobakia nacho ni jina: bibi ya complice, mwenye kusaidia adui. Watoto wake waliitwa hivyo shuleni, na hata kwenye kilio watu walikuja wachache, wakakaa karibu na mulango.

Alijaribu kusamehe. Lakini katika Baba Yetu, kila alipofika mahali pa "kama sisi tunavyowasamehe," aliruka, akaendelea na mbele.

Vita ya kwanza ikapita, ya pili ikaingia. Sasa, 2001, Faustin amerudi na wakubwa wa pande zote mbili, wanataka kulifunga ziwa tena kwa pamoja, na mukutano ni Jumamosi. Mwenye kusema kwa jina la wavuvi wa Bagira ni président wao, Zagabe. Euphrasie aliposikia hivyo, ndipo alienda kwa padri kuomba ile misa.

Jioni ya ile misa Zagabe akafika kwake na samaki katika jani la ndizi.

"Maman, utanimaliza. Tangu asubuhi wananisalimia 'bonjour, marehemu'. Bibi yangu anakataa kunipakulia."

"Wafu hawakulake."

"Unitolee hii laana, nakuomba."

"Si laana. Ni misa. Na nimeomba zingine."

Virginie, aliyekuja kuomba moto, akasema polepole toka mulangoni: "Leo wale wa ng'ambo, wa Rwanda, ndio wenye bunduki huku kwetu. Neno moja kwao, Maman, na huyu hataona Jumamosi."

Zagabe akapiga magoti.

Euphrasie alilishika lile neno mudomoni, akalisikia tamu kuliko alivyodhani. Hakuwa na haraka ya kulitoa, wala ya kulimeza. Akamuacha Zagabe palepale chini mpaka makala ya jikoni ikafunikwa na majivu. Halafu akamurudishia samaki wake.

"Sitawaambia kitu. Jumamosi, mbele ya Faustin na watu wa inchi zote mbili, wakikupa nafasi, useme: Ndugu ni samaki, nilijua, na niliambia askari kama ni watu. Useme kwa Swahili, halafu urudilie kwa Lingala."