Gauni la Njano la Neema

Juzi dukani nilimwona mama akimpima binti yake gauni mgongoni, na ghafla nikasikia harufu ya Guangzhou, mji wa China nilikokulia: nguo mpya, maboksi na supu ya mifupa.

Kwenye maduka ya jumla ya Shisanhang, kipimo nilikuwa mimi. Mama Neema, Mkongomani aliyefanya biashara pamoja na mama yangu, alinisimamisha kila alipomnunulia nguo binti yake Neema, aliyebaki Kongo, maana tulilingana. Vita vilikuwa vimemzuia kurudi kwao. Mikono yake ilipotua mabegani mwangu nilidhani ananikumbatia, nami nilijitahidi nisitikisike.

Mchana mmoja alirudi kutoka kupiga simu nyumbani, akatueleza. Wenye bunduki walikuwa wameingia sokoni kwao, na Neema hajulikani alipo.

"Wana ugomvi wao," mama alifoka. "Muuza nyanya kawakosea nini? Na mtoto je?"

"Wakae chini waongee, dada," Mama Neema alisema. "Mimi sitaki ashinde mtu. Nataka njia ifunguke."

Kisha akachukua gauni la njano, akaniwekea mgongoni. Lilinifika magotini sawasawa, nikafurahi, nikajua safari hii ni langu. Yeye akamwomba mwenye duka saizi kubwa zaidi.

"Mbona hilo linatosha?" mama aliuliza.

"Mpaka amani ije, atakuwa amekua."

Niliinua visigino ili lile kubwa nalo linienee. Alinirudisha chini taratibu, na mikono yake hakuiondoa. Leo najua alikuwa amemshika nani, na bado naitamani mikono ile.