Maziwa ya Kuoshea Vumbi la Ukungu

Msinione nimekonda hivi mkadhani nilizaliwa mgonjwa. Mimi, Fadumo, nilikuwa nabeba nusu gunia mgongoni bila kuita mtu. Miaka tisa nilichekecha mahindi katika ghala la mfanyabiashara mmoja hapa Garissa.

Paa likivuja, magunia ya chini huota ukungu. Hayatupwi. Kwetu chakula ni neema, na kumwaga neema ni dhambi. Tuliyamimina sakafuni, tukavunja madonge, tukachekecha, tukajaza upya. Mlango tuliufunga kwa sababu ya mbuzi wa mtaani, na vumbi la kijani likakosa pa kutokea. Jioni nilitema makohozi ya rangi hiyo hiyo.

Dawa yetu ilikuwa maziwa. Tuliambiwa tangu utotoni kwamba yanaosha kifua. Makapi yenye ukungu tulipewa tupeleke nyumbani, tukawalisha mbuzi wetu, na asubuhi tukaja kazini na maziwa yao. Rukia, binti wa jirani yangu, alipoanza kazi alikohoa hadi machozi. Mimi ndiye niliyemshikia kikombe.

"Kunywa, abaayo, dada yangu. Fumbi itashuka yote."

Akanywa. Tangu siku hiyo tukanywa pamoja kila asubuhi.

Ugonjwa ulianza kwa kukosa hamu ya kula. Kisha maumivu chini ya mbavu za kulia, mwasho usioisha, mkojo mweusi kama chai ya rangi. Macho yakawa manjano. Mama mkwe akamleta mzee wa kuchoma, naye akanichoma kwa chuma cha moto mara nne juu ya ini. Nilipiga kelele mtaa mzima ukasikia. Vidonda vikaoza, tumbo likavimba, na miezi miwili ikapotea hivyo.

Hospitalini daktari alisema, "Mama, hii ni saratani ya ini." Mume wangu Bishar akakaa chini sakafuni. Daktari akauliza kuhusu kazi, kisha kuhusu chakula. Nikamtajia maziwa kwa majivuno.

"Hao mbuzi wanakula nini?"

"Mahindi ya ghala."

Akaweka kalamu chini. "Ukungu ule una sumu, inaitwa sumukuvu. Uliivuta kwa pua, kisha ukainywa. Mbuzi akiila, inatoka kwenye maziwa." Damu yangu pia ilikuwa na virusi vya ini. Alisema hawezi kujua kipi kilianza, ila vikikutana ini haliponi kirahisi.

Nilimpigia Rukia simu kabla sijamwambia hata mama yangu. Nikamsihi aache ghala, aache maziwa, apimwe. Akacheka.

"Eddo, shangazi yangu, mimi sijambo. Nikiacha kazi, hooyo, mama yangu, atakula nini?"

Mimi nilipasuliwa Nairobi, wakakata kipande cha ini. Wiki tatu nililala na mrija ubavuni, nikijinukia mwenyewe. Rukia alipokwenda kupimwa, saratani yake ilikuwa imeshafika mapafuni. Nilirudi Garissa nikakuta matanga yake.

Alhamdulillahi, ninapumua. Kila baada ya miezi mitatu napimwa, na kila safari naogopa upya. Namshukuru Bishar, aliyeniosha kama mtoto. Na ninyi mnaofanya kazi ghalani, nawaomba: fungueni milango, zibeni pua vizuri, pimweni ini. Mahindi yaliyoota ukungu msiyachekeche wala msiwape mifugo. Sumu haitoki kwa kuchekecha wala kwa kuchemsha. Yafukieni. Kufukia sumu si dhambi.

Haya huwa nawaambia wale wanawake pale pale ghalani. Wananisikiliza kwa heshima, kisha mmoja wao huchukua kikombe chake.

"Lakini Fadumo, si wewe ulikunywa miaka tisa? Na uko hai."

Kisha wananywa, wananiangalia mimi, na mioyo yao inatulia.